Gari la Doria Hujengwa kwa Kusimama

Mtu yeyote wa Nairobi aliyekua akitazama filamu za Marekani anaamini kwamba gari la polisi wa kule ni gari la mbio. Imani hiyo haikosi msingi, lakini mimi ambaye riziki yangu hutokana na kufunga redio, ving'ora na taa kwenye ambulensi na pikapu za kampuni za ulinzi hapa Industrial Area, nikilichunguza gari hilo naona jambo jingine kabisa. Naona gari lililosanifiwa na watu waliowaza zaidi saa litakazosimama kuliko dakika litakazokimbia, na nimekuwa nikitaka kulieleza jambo hili kwa maandishi kwa sababu wateja wangu huja na picha za magari hayo kwenye simu, wakitaka yao yafanane nayo, huku picha yenyewe ikionyesha taa tu.

Polisi ninaowazungumzia ni wa majimbo. Marekani haina huduma moja ya taifa kama tuliyo nayo chini ya Katiba ya 2010. Miji ina polisi wake, kaunti zina masherifu wake, na karibu kila jimbo lina kikosi chake ambacho kazi yake kubwa huwa ni barabara kuu. Pennsylvania ilianzisha kikosi chake mwaka 1905, na California ikaunda askari wake wa barabara kuu mwaka 1929. Askari wa jimbo kwa kawaida hufanya doria akiwa peke yake garini, tena mashambani, mahali ambapo mwenzake wa karibu anaweza kuwa umbali wa kilomita nyingi. Ukiushika upweke huo, karibu kila kifaa ndani ya gari lake kinajieleza chenyewe.

Hapa kwetu mambo ni tofauti. Pikapu ya Land Cruiser inayopita Juja Road jioni ina dereva na mkubwa wake mbele, na askari wengine kwenye mabenchi ya nyuma chini ya turubai. Ni gari lenye injini ya dizeli ya lita 4.2 na springi za mabapa nyuma, lililounganishwa Mombasa, na limechaguliwa kwa sababu linabeba watu wengi na halitetereki kwenye barabara mbovu. Vifaa huenda na askari mwenyewe: redio iko mkononi, tochi iko mkononi, bunduki iko begani. Wakishashuka wote, gari limemaliza kazi yake. Gari la askari wa jimbo wa Marekani ndiyo kwanza linaanza kazi pale dereva anaposhuka.

Chukua tendo la kawaida kabisa, la kusimamisha dereva aliyevunja sheria. Kwetu askari husimama barabarani, nyuma ya vizuizi vya miba au kando ya lami, akapunga mkono, nawe ukajisogeza pembeni. Kule kizuizi ni gari lenyewe. Linakuja nyuma yako, linawasha taa, nawe unaegesha. Kisha linasimama mita kadhaa nyuma ya gari lako, likiwa limesogea kidogo upande wa barabara ili liache njia salama ambayo askari atapita kwa miguu hadi dirishani. Kuanzia hapo gari linafanya kazi nne kwa wakati mmoja bila mtu ndani. Linamkinga askari dhidi ya magari yanayopita, linaonya madereva wanaokuja, linamulika gari lililosimamishwa kwa taa nyeupe kali hivi kwamba aliye ndani hawezi kuona vizuri kinachoendelea nyuma yake, na linarekodi. Kamera ya mbele huanza kuhifadhi picha mara taa za dharura zinapowashwa, na kwa kuwa imekuwa ikizungusha picha kwenye kumbukumbu yake muda wote, huhifadhi pia sehemu fupi ya kilichotokea kabla ya hapo, yaani kosa lenyewe.

Kazi zote hizo zinakula umeme, na hapa ndipo fundi wa umeme anapoanza kuliheshimu gari hili. Kijana ninayemfundisha kazi aliwahi kuniuliza swali zuri tulipoletewa pikapu ya ulinzi ambayo ilikuwa ikikesha Westlands ikiwa na taa za paa, redio, kamera na tableti, na kila asubuhi ikakataa kuwaka.

"Mzee, si tuiongezee tu betri ya pili?"

Nikamwambia, kijana wangu, betri haizalishi umeme, inautunza tu; ukiongeza ya pili bila kuongeza cha kuijaza, utakuwa na betri mbili zilizolala badala ya moja. Swali la kwanza ni alteneta, yaani mashine inayozungushwa na injini ili kuzalisha umeme, inatoa ampea ngapi injini ikiwa imetulia bila kukanyagwa. Alteneta ya gari dogo la kawaida huandikwa ampea 70 hadi 100, lakini namba hiyo ni ya injini inayozunguka kwa kasi. Ikiwa imetulia, hutoa sehemu tu ya hizo. Redio ya gari yenye nguvu za kufika mbali inaweza kuvuta ampea zaidi ya 10 kila askari anapobonyeza kitufe kuzungumza. King'ora cha wati 100 kinavuta karibu kiasi hicho hicho. Ongeza kompyuta, kamera, kipimo cha mwendo, feni ya kiyoyozi, na taa za paa ambazo zamani, zilipokuwa za bulbu na mota za kuzungusha vioo, zilikuwa mzigo mzito kuliko vyote. Ndiyo maana magari yanayotoka kiwandani kwa ajili ya polisi huwekewa alteneta za ampea 200 na zaidi, na ndiyo maana kuja kwa taa za LED, zinazokula umeme kidogo, kulikuwa ukombozi kwa mafundi kabla ya kuwa urembo kwa watazamaji.

Injini iliyosimama ikinguruma saa nyingi kwenye joto la Arizona pia haipati upepo wa mwendo wa kuipoza. Kwa hiyo gari la polisi hupewa rejeta kubwa na vipozaji vya ziada vya oili ya injini na oili ya gia boksi. Kuna hata utaratibu wa kumwezesha askari kutoa ufunguo na kuliacha gari likinguruma, taa zikiwaka, na mtu mwingine akijaribu kuliondoa, injini inazimika. Kwa mtu aliye peke yake kando ya barabara hilo ni jambo la lazima, kwa maana akizima gari anazima pia taa zinazomlinda.

Ford walilichukua suala hili hadi mwisho wake walipotoa Police Interceptor Utility ya mwaka 2020, ambayo ni ndugu wa Explorer, gari refu la raia, na hujengwa Chicago, ikiwa na injini ya V6 ya lita 3.3 iliyosaidiwa na mota ya umeme kama mfumo wake wa kawaida. Wengi waliposikia habari za haibridi walidhani ni mambo ya mazingira. Hesabu yenyewe ilikuwa ya kusimama: gari likiwa limeegeshwa, betri kubwa inalisha vifaa vyote huku injini ikiwa imezimika, na injini inaamka mara moja moja tu kuijaza. Kwa maoni yangu hilo ndilo badiliko kubwa zaidi katika magari haya tangu redio ya pande mbili ilipoingia katika magari ya polisi wa Bayonne, New Jersey, mwaka 1933, na halionekani kwenye picha hata moja ambayo wateja huniletea.

Inafaa kusema neno kuhusu magari yaliyotangulia. Ford walianza kuuza magari yenye vifurushi maalumu vya polisi mwaka 1950, na kwa miongo iliyofuata kampuni kubwa za Detroit zikashindana kuuza sedani nzito zenye injini za V8. California ilipochoka kuachwa nyuma na madereva wa magari mepesi, ilinunua Mustang za polisi kuanzia mwaka 1982. Lakini gari lililotawala fikra za watu wote ni Crown Victoria Police Interceptor la Ford, lenye V8 ya lita 4.6, magurudumu ya nyuma yakisukuma, na bodi iliyofungwa juu ya fremu kama lori. Mafundi walilipenda kwa sababu lilipanda ukingo wa barabara bila kupinda, na likigongwa, bodi ilinyooshwa au kubadilishwa na gari likarudi kazini. Uzalishaji wake kiwandani St. Thomas, Ontario, ulikoma mwezi Septemba 2011, na nafasi yake ikagawanywa kati ya Dodge Charger, Chevrolet Tahoe na Explorer ya polisi. Hivi leo gari refu la aina ya Explorer ndilo linaloonekana zaidi, kwa sababu vifaa vimeongezeka na buti la sedani halikutosha tena.

Crown Victoria hiyo hiyo ndiyo iliyofundisha somo chungu kuhusu kusimama. Tangi lake la petroli lilikuwa nyuma ya ekseli ya nyuma, karibu na buti. Kwa raia anayeendesha mjini, hatari ya mpango huo ilikuwa ndogo. Kwa askari anayeegesha kando ya barabara kuu kila siku, hatari ilikuwa ni gari au lori linalokuja nyuma kwa kasi ya barabara kuu, dereva wake akiwa amesinzia au amelewa. Tangi lilisukumwa mbele likachomwa na vyuma vya ekseli, au vitu vizito vilivyokuwa ndani ya buti vikalitoboa kutoka upande wa pili, na moto ukafuata. Askari kadhaa walikufa au kuungua vibaya. Mwaka 2002 Ford walianza kutoa ngao za kufunika sehemu zilizokuwa zikitoboa tangi, wakatengeneza pia namna ya kupanga vifaa ndani ya buti ili visielekee kwenye tangi, na gari la mwaka 2005 likaweza kununuliwa likiwa na mfumo wa kuzima moto uliofungwa chini yake. Sheria ya Marekani inadai gari la kawaida lihimili kugongwa nyuma kwa kilomita 80 kwa saa. Magari ya polisi ya Ford yaliyofuata yaliundwa kuhimili kugongwa nyuma kwa karibu kilomita 120 kwa saa. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo tofauti kati ya gari linalosimama kwa bahati mbaya na gari linalosimama kwa kazi.

Majimbo yote 50 sasa yana sheria inayomtaka dereva ahamie njia ya mbali au apunguze mwendo anapokuta gari la dharura limesimama pembeni. Sisi tunaowajua madereva wa Thika Road, ambako lori likiharibika huonyeshwa kwa matawi ya miti yaliyotupwa kwenye lami, tunaelewa kwa nini sheria peke yake haitoshi na kwa nini bado watu wanahangaika na taa za nyuma.

Kuhusu taa, mjadala wa sasa umegeuka. Zamani tatizo lilikuwa zisionekane. Leo LED zina nguvu kiasi kwamba usiku zinamtia dereva kiwi, akashindwa kumwona askari aliyesimama kando ya gari. Kwa hiyo mifumo mipya hupunguza mwanga yenyewe giza linapoingia, na hubadili mpangilio gari linapowekwa kwenye gia ya kuegesha, mimweko ikawa ya polepole na ya upande wa nyuma zaidi. Hili ndilo ninalowaambia wateja wanaotaka taa zimweke kwa fujo: mwanga unaomtia mtu kiwi haumwonyeshi njia. California ina kanuni yake, kwamba gari la dharura lazima liwe na angalau taa moja nyekundu inayowaka mbele bila kumweka. Michigan nayo, kwa ukaidi ninaoupenda, imeendelea kuweka taa moja nyekundu ya duara katikati ya paa, na kibao kinachosimama kama pezi la papa juu ya boneti. Kibao hicho kina asili katika enzi ambapo askari alisogea ubavuni mwa gari linalotakiwa kusimama, badala ya kuja nyuma yake.

Rangi sitazisemea sana. Michigan ni buluu, Florida ni nyeusi na maziwa, Massachusetts ina buluu za aina mbili, California ni nyeusi na milango myeupe. Kila jimbo linajivunia yake. Kinachonikera ni mtindo wa maandishi ya rangi inayokaribiana na bodi, ambayo hayasomeki mpaka mwanga uyapige. Kwa kukamata wanaokimbiza magari inasaidia, lakini mama anayeendesha peke yake usiku ana haki ya kujua kwa hakika ni nani anayemtaka asimame.

Ndani ya gari, nafasi ya mbele ni ofisi. Kati ya viti viwili kuna meza nyembamba ya chuma yenye vidhibiti vya taa, king'ora na redio, na juu yake kompyuta ngumu isiyoogopa vumbi wala kahawa, ambayo humwonyesha askari taarifa za namba ya gari kabla hajashuka. Ili kuipatia meza hiyo nafasi, kiwanda huacha wenzo wa gia kwenye shingo ya usukani, mtindo ambao magari mengi ya raia yameuacha zamani. Viti vya mbele vimepunguzwa mito ya ubavuni ili mkanda wenye bastola, pingu na redio usimchome aliyeketi kwa muda wa saa nane. Fundi anayefunga vifaa hivyo ana tatizo lake la siku hizi, kwamba mifuko ya hewa ya kuwakinga walio ndani gari likigonga inafumuka kutoka kila upande. Ukifunga bunduki au skrini kwenye njia ya mfuko huo, umegeuza kifaa kuwa kombora.

Nyuma ya viti hivyo kuna ukuta wa chuma na plastiki ngumu, kisha kiti cha mshukiwa, ambacho mara nyingi ni plastiki tupu iliyofinyangwa, inayooshwa kwa maji. Milango haifunguki kwa ndani. Kitu kidogo kinachonivutia kuliko vyote ni mkanda wa usalama: mahali pengine umegeuzwa ukafungwa upande wa mlango, ili askari asilazimike kumwinamia mtu aliyefungwa pingu, akimpa shingo na bastola yake. Aliyelifikiria hilo alikuwa amewahi kufanya kazi hiyo, au aliwasikiliza waliowahi.

Kipimo cha mwendo nacho kinastahili aya yake. Kwetu askari hushika kifaa mkononi kando ya barabara, akitafuta anayepita kilomita 110 kwa saa, au 80 kwa matatu na malori. Rada ya gari la doria hufungwa ndani, antena moja mbele na nyingine nyuma, na inaweza kupima hata gari lenyewe likiwa linakwenda. Inatuma mawimbi ya redio yenye marudio kati ya gigahezi 33.4 na 36, na gari linalokuja linayarudisha yakiwa yamebanwa kidogo. Kwa rada ya gigahezi 34.7, kila kilomita moja kwa saa huleta tofauti ya takribani hezi 64, yaani mitetemo 64 kwa sekunde, kati ya mawimbi yaliyotumwa na yaliyorudi, hivyo gari la kilomita 100 kwa saa huzaa sauti ya hezi 6,400 hivi, ambayo sikio linaisikia. Askari mzoefu hutambua mwendo kwa mlio kabla ya kutazama namba. Rada ikiwa katika mwendo, hupima kwanza ardhi na vitu vilivyosimama ili kujua kasi ya gari lake, kisha hufanya hesabu kupata kasi ya mwingine. Kuihakiki hutumika uma wa chuma wa mlio maalumu, uliotengenezwa utetemeke sawasawa na mwendo uliotajwa juu yake. Hauhitaji kompyuta wala intaneti.

Kila mwaka polisi wa jimbo la Michigan huyajaribu magari mapya na kuchapisha matokeo ambayo vikosi vingi hutegemea kabla ya kununua. Wanapima kuongeza kasi, mwendo wa juu kabisa, breki na uthabiti katika kona za uwanja wa mbio wa Grattan. Wapenzi wa magari husoma kurasa hizo tu. Mimi hupenda sehemu inayotoa alama kwa urahisi wa kuingia na kutoka, nafasi ya kiti, na urahisi wa kufunga redio na kupitisha nyaya. Nimetumia mchana mzima nikiwa nimelala chali chini ya dashibodi ya gari dogo la Kijapani, nikitafuta tundu la kupitisha waya wa antena bila kugusa bomba la kiyoyozi, kwa hiyo nafurahi kwamba kuna serikali inayompa kiwanda alama mbaya kwa kosa hilo.

Magari haya yakistaafu huvuliwa vifaa na kupigwa mnada, na raia huyanunua. Crown Victoria nyingi ziliishia kuwa teksi. Mnunuzi mwenye akili hatazami kilomita peke yake. Ford waliweka kwenye dashibodi hesabu ya saa ambazo injini imenguruma bila gari kwenda, na kwa makadirio yao saa moja ya namna hiyo huichakaza injini sawa na mwendo wa maili 33, yaani kilomita 53. Gari lenye kilomita 160,000 na saa 4,000 za kusimama, kwa hesabu hiyo, injini yake imefanya kazi ya kilomita 372,000. Zaidi ya nusu ya umri wake liliimaliza likiwa limeegeshwa.